Hati ya wito wa hakimu: huduma nzuri inayokosa mistari michache muhimu

Katika huduma zote ambazo mahakama za mahakimu nchini Kenya humpa mwananchi, hati ya wito ndiyo ninayoiona kuwa ya kiungwana zaidi, kwa kuwa humwezesha mshtakiwa kufika kortini kwa miguu yake mwenyewe, bila pingu wala usiku wa selo. Kifungu cha 90 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, Sura ya 75, humwachia hakimu achague kati ya wito na hati ya kukamata, lakini humkataza kuanza na hati ya kukamata ikiwa malalamiko hayakutolewa kwa kiapo na mlalamikaji au shahidi.

Hati niliyoisoma kwa makini ni ya jirani yangu, mama muuza mboga aliyeshtakiwa kwa kufanya biashara bila leseni. Askari alimletea nakala mbili mkononi. Moja mama akabaki nayo, na nyingine akaitia sahihi kwa nyuma palepale juu ya meza ya sukuma wiki, kama sheria inavyoagiza. Sahihi ya hakimu ilikuwepo, tarehe na saa zilisomeka, na kosa lilitajwa kwa ufupi. Hata hivyo, muhuri uligongwa juu ya nambari ya chumba cha mahakama, na maneno yote yalikuwa ya Kiingereza, ilhali Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ilibidi askari amsomee.

Kasoro inayoniuma zaidi ni ile isiyoonekana kwenye karatasi. Kifungu cha 99 kinamruhusu hakimu aliyetoa wito kwa kosa lisilo kubwa kumwondolea mshtakiwa sharti la kufika mwenyewe, mradi akiri kosa kwa maandishi au awakilishwe na wakili. Na pale ambapo adhabu ni faini tu, au haizidi kifungo cha miezi mitatu, hakimu analazimika kufanya hivyo. Kwa anayeishi kwa mauzo ya siku, nafuu hiyo ni kubwa mno, lakini hati ile haikuitaja, na mama yule alifunga kibanda kutwa nzima.

Mtu asipopatikana, nakala huachiwa mtu mzima wa familia yake, mtumishi anayeishi naye, au mwajiri. Njia ya familia naikubali. Ya mwajiri inanitia wasiwasi, kwa sababu kibarua anaweza kufukuzwa kazi kabla hata hajasomewa shtaka, na nakala ikisahauliwa mezani kwa bosi, kibarua huyo ndiye atakayetolewa hati ya kukamata kwa kutofika. Bahasha iliyofungwa, yenye jina lake peke yake, ingemlinda kwa gharama ndogo sana.

Napendekeza wito uendelee kutumiwa, tena zaidi ya unavyotumiwa sasa, ila uchapishwe kwa Kiswahili na haki ya kifungu cha 99 iandikwe juu kabisa, kabla ya onyo la kukamatwa.