Betroffenheit ya Kidd Pivot: shoo ya dansi inayomuelewa teja

Naanza na ushauri kabisa kabla sijamwaga maelezo. Kama unaishi mji ambao Kidd Pivot huwa wanapita, au una njia ya kuipata ile rekodi waliyoonyesha televisheni ya BBC Four, itafute hii kazi inaitwa Betroffenheit (neno la Kijerumani, ni ile hali ya mtu aliyepigwa na butwaa baada ya pigo zito) uiangalie, na usiiangalie kwenye simu ukiwa kwenye gari unaenda job, kaa sehemu tulivu, zima taa, iache ikuchukue. Mimi niliiona jukwaani London, Sadler's Wells, walivyoirudisha 2017, na juzi kati nimeirudia kwenye rekodi, na mpaka leo sijaona kazi ya sanaa iliyomuelewa mtu aliyenasa kwenye ulevi kama hii. Na nikisema ulevi namaanisha wote, pombe, unga, vidonge, chochote ambacho mtu anakikimbilia akiumia.

Kwa wasiowajua, Kidd Pivot ni kampuni ya dansi ya Vancouver, Kanada, ilianzishwa 2002 na Crystal Pite, dada ambaye kabla ya hapo alikuwa mchezaji kule Ujerumani kwenye Ballett Frankfurt ya mtunzi wa dansi William Forsythe. Kwenye Betroffenheit ameshirikiana na Jonathon Young, ambaye yeye ni muigizaji wa tamthilia, sio mchezaji dansi, ndo kaandika maneno yote halafu ndo yuko mwenyewe jukwaani mwanzo mwisho. Sasa sikia. Mwaka 2009 Jonathon alimpoteza binti yake kwenye moto, pamoja na binamu wawili wa huyo binti. Watoto watatu wa familia moja, kwa mpigo. Baada ya hapo akaanza kuandika, akamfuata Crystal, na 2015 ikazinduliwa Toronto. 2017 ikachukua tuzo ya Olivier ya Uingereza kama kazi mpya bora ya dansi. Ila usiogope kwamba utaenda kuonyeshwa moto au utasimuliwa msiba ulivyotokea, hapana, shoo inaanza pale ambapo matanga yameshaisha, watu wamerudi makwao, na mtu amebaki na kichwa chake.

Nusu ya kwanza yote iko ndani ya chumba kimoja, chumba cha hovyo, kama stoo ya mitambo, kuta za kijivu, milango, nyaya zimetapakaa. Na kitu cha kwanza unachokiona ni hizo nyaya zinaanza kutambaa zenyewe sakafuni, hakuna mtu anayezigusa, ukumbi mzima kimya. Jonathon yupo pembeni kajikunyata. Halafu sauti zinaanza. Ni sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa, inamuhoji, inampa maelekezo, inamtuliza, inamwambia fuata utaratibu, usitoke humu, usijibu, na yeye anajibishana nayo na muda mwingine huelewi nani anaongea na nani. Wachezaji wengine wakitokea wanapiga pleibeki ya hayo maneno, midomo inakwenda na sauti, lakini sio mdomo tu, ni mwili mzima unaongea, bega linasema neno, shingo inamalizia, goti linakata sentensi. Hii ndo saini ya Crystal Pite na nadhani hakuna anayemfikia hapo.

Alafu linakuja genge. Wachezaji watano, Jermaine Spivey, Tiffany Tregarthen, Cindy Salgado, Bryan Arias na David Raymond, wanafungua milango wanaingia na mataa, manyoya, mavazi ya kumeremeta, salsa, ile dansi ya viatu vyenye vyuma vinavyogonga sakafu, utani wa majukwaani wa zamani, suti zinazofanana, tabasamu mpaka jino la mwisho. Shoo imefika! Yaani ni kama mtu yupo matangani halafu bendi ya harusi ya jirani inamgongea mlango inamwambia twende, kiti chako kipo mbele. Na anaenda. Kwanza anakataa, halafu anaenda.

Na hapa ndo nataka tuelewane, maana ndo roho ya kazi nzima. Hiyo shoo ndani ya shoo ndo madawa yenyewe. Hakuna sindano jukwaani, hakuna kete, hakuna mtu anavuta kitu puani, ila ukiiona tu unajua ni nini. Na Crystal na Jonathon hawakufanya kosa wanalofanya wengi la kuyaonyesha madawa kama kitu kichafu kinachonuka ambacho mtu mwenye akili timamu angekikimbia. Wameyaonyesha yakiwa matamu. Salsa ile ni nzuri kweli, nikiwa nimekaa pale nilitamani isiishe, nilitamani warudi kila walipoondoka, na walipoondoka kile chumba kikawa kibaya kuliko mwanzo. Kumbe hapo ndo walikuwa wananielekeza mimi mtazamaji, bila kunihubiria, kwa nini mtu anarudi. Kila genge likirudi linarudi limechakaa kidogo, muziki umepinda, tabasamu limekakamaa, na Tiffany Tregarthen anayecheza kama kibwengo anazidi kujikunja mpaka humuangalii kwa raha tena, ila jamaa anaingia tu, maana nje ya hiyo shoo kuna chumba na ndani ya chumba kuna kile kilichotokea.

Kwetu sisi hapa panauma. Dar, Tanga, Unguja, Mombasa, Malindi, nani asiyemjua teja? Tunawajua kwa majina, tunajua vijiwe vyao, tunajua anavyosimama kainama katikati ya barabara haanguki. Tumewacheka kwenye vichekesho miaka na miaka. Kwenye ukoo wetu tumemzika kijana, mtoto wa mamdogo, na kwa miaka yote ile tulichokuwa tunakiongelea sisi ni simu iliyopotea, sufuria lililouzwa, jinsi alivyomliza mama yake. Hakuna aliyekuwa anaongelea baba yake aliyegongwa na gari mbele ya macho yake akiwa darasa la tano. Hakuna. Niliyakumbuka hayo Sadler's Wells sio kwa sababu shoo ilinilazimisha kulia, ila kwa sababu kwa mara ya kwanza nilionyeshwa chumba alichokuwa anaishi, na nikaelewa kwamba ule unga kwake ulikuwa mlango wa kutokea.

Tuna hatua tumepiga kiukweli, Muhimbili wameanza kutoa methadoni, ile dawa ya kumsaidia mtu aache unga, tangu 2011, Zanzibar kuna soba hausi, yaani nyumba wanazokaa walioamua kuacha, kuna vijana wamepona wako mtaani wanasaidia wenzao. Lakini lugha yetu ya kumuongelea huyu mtu bado ni ile ile ya mwizi na mzembe.

Turudi kwenye shoo. Baada ya mapumziko ukirudi kwenye kiti chumba hakipo tena. Kimeondoka chote. Limebaki jukwaa tupu na nguzo moja kubwa na kivuli chake, mwanga wa Tom Visser unafanya kazi ya ajabu hapo, na wachezaji wamevaa nguo za kawaida kabisa kama za mazoezi. Maneno karibu yote yamenyamaza. Kuna watu waliokaa karibu na mimi walionekana kuchoka hapa, na nimesoma pia watu wanaosema nusu ya pili inapooza. Nawapinga kwa nguvu zote. Nusu ya kwanza ndo inakufanya useme duuh, ila nusu ya pili ndo sababu ya mimi kukaa kuandika yote haya.

Maana pale mwili umebaki bila shoo. Ni arosto, ila sio ile ya kutapika na kugaragara unayoionaga kwenye filamu. Wanatetemeka, kitu kidogo sana kwenye kiganja, kinapanda kiwiko, kinahamia kwa mwingine, sita wanabebana, mmoja akizidiwa uzito unagawiwa kwa watano, wanajikusanya wanakuwa kitu kimoja halafu kinasambaratika. Jonathon naye anacheza humo, na kwa sababu sio mchezaji unaona tofauti, mwili wake hauna ule ulaini wa wenzake, anachelewa nukta kidogo, na wenzake wanampokea hivyo hivyo. Hakuna mtu anayemfundisha, hakuna anayemwambia jikaze wewe ni mwanaume, hakuna pole nyingi. Wanakaa naye chini kwenye uzito. Na Jermaine Spivey, ambaye nusu ya kwanza alikuwa kivuli chake na pacha wake wa kwenye genge, mwishoni anabaki peke yake na dansi ambayo siielezei hapa, mtu unatakiwa uione mwenyewe bila kuambiwa, mimi nasema tu yule jamaa ana viungo ambavyo sielewi vimefungwa na nini.

Kasoro zipo. Kwanza maneno ya nusu ya kwanza ni mengi, ni Kiingereza cha haraka, kinajirudia kwa makusudi na kinapishana sauti juu ya sauti, kwa hiyo kama Kiingereza chako ni cha kubahatisha utapotea sehemu, japo mwili utakuambia mengi. Kwenye rekodi angalau unarudisha nyuma. Pili, katikati ya nusu ya kwanza kuna majibizano na zile sauti ambayo kwa maoni yangu yangepunguzwa, tulishaelewa, genge lingeingia mapema kidogo. Rekodi nayo ina shida ya rekodi zote, kamera inakuchagulia pa kuangalia, na kwenye kazi ya watu sita waliofungamana vile ukiangaliziwa uso mmoja unakosa mkono wa mwingine uliomshika. Jukwaani ni jukwaani.

Na kuna tahadhari ambayo naisema kwa uzito. Kama wewe au mtu wako ndo kwanza ameacha, yuko wiki za mwanzo, asiende peke yake, au asubiri kwanza. Nimesema hapo juu yale madawa yameonyeshwa yakiwa matamu na sikukosea, kwa mtu ambaye mwili wake bado unadai, ile salsa inaweza ikamuita kweli. Vivyo hivyo kwa mzazi aliyefiwa na mtoto karibuni. Aende na mtu, na wakitoka wakae mahali waongee, sio kila mtu akimbilie treni. Sio shoo ya watoto pia, sio kwa sababu ya uchafu wowote, ila ule ukimya na zile sauti ni vitu vizito.

Ukiipenda, hawa wawili hawakuishia hapo, wametengeneza Revisor 2019 na Assembly Hall 2023, na Crystal peke yake alitengeneza Flight Pattern kwa ajili ya Royal Ballet 2017 kuhusu wakimbizi, ile nayo ni moto. Ila kama unaanza, anza na Betroffenheit.

Mimi ninachokitamani sasa hivi ni hii rekodi ionyeshwe nyumbani. Nafasi Art Space, kituo cha sanaa pale Mikocheni, Dar, wana sehemu, chuo cha sanaa cha TaSUBa Bagamoyo wana ukumbi na wana wanafunzi wa dansi ambao wangefaidika kuona mwili unavyoweza kubeba sentensi, na ningependa hata soba hausi moja ijaribu, watu waliokaa miezi ya kutosha, mshauri awepo chumbani, waongee baada ya hapo, wao ndo watatuambia kama Jonathon kapatia au kakosea. Kikwazo ni haki za kuonyesha na lugha. La haki sina uwezo nalo. Lugha naiweza, maneno yote ya ile nusu ya kwanza niko tayari kuyatafsiri na kuyaweka maandishi ya chini bure, kwa hiyo mwenye mlango wa kuongea na wahusika wa Kidd Pivot tuwasiliane tuanze.