Kioo kizuri, waya umebanwa: huduma niliyopata ya kubadilishiwa kioo cha laptopu

Nampa fundi nyota tatu kati ya tano. Kioo alichoniwekea ni kizuri. Kilichonitesa karibu wiki mbili ni namna alivyokifunga.

Laptopu yangu ni ya inchi 15.6. Kioo cha awali kilipasuka pembeni, na kila siku mistari ikawa inasogea kuelekea katikati. Mimi ni mfasiri, siwezi kukaa bila mashine, kwa hiyo nilipoambiwa kioo cha kampuni yenyewe kitachelewa nikakubali cha kampuni nyingine. Katika kuchagua, fundi alikuwa makini kweli. Alikitoa kwanza kile kilichopasuka, akasoma namba ya modeli kwenye lebo ya nyuma, akahesabu pini za soketi. Changu ni cha pini 30. Vioo vya kugusa na vile vya 120 Hz (vinavyobadilisha picha mara 120 kwa sekunde) kwenda juu mara nyingi huwa na pini 40, kwa hiyo anayeagiza kwa kuangalia inchi peke yake anaweza kukuletea kioo ambacho waya wako hauingii. Maandishi yanaonekana makali, nukta 1920 kwa 1080 kama zamani, na mwanga umeenea hadi kwenye kona. Rangi nyekundu imepauka kidogo. Kwa kazi yangu hainisumbui.

Siku ya pili, nikiwa katikati ya aya, laptopu ikazima. Hakukuwa na skrini ya buluu ambayo Windows huionyesha ikipata kosa kubwa, wala onyo lolote, giza tu na feni kimya. Nikaiwasha, ikakaa dakika kumi, ikazima tena. Jioni hiyo ilizima mara nne.

Nikampigia fundi. Akasema, “Dada, kioo hakiwezi kuzima kompyuta. Hiyo ni Windows. Piga Windows upya.”

Nilisikitika, kwa sababu ushauri huo ungenigharimu siku mbili za kupanga programu zangu upya, na mashine ilikuwa haijawahi kuzima hata mara moja kabla ya kioo kuguswa. Nikaamua kuichunguza mwenyewe kwanza.

Nilianza na kumbukumbu za matukio za Windows. Kila ilipozima, palikuwa na tukio namba 41 la Kernel-Power, yaani mashine ilizimika bila kuzimwa vizuri, na ndani yake BugcheckCode, namba ya kosa, ilikuwa 0. Sifuri hapo maana yake Windows haikuwahi hata kuandika kosa: ama mashine iliganda kabisa, ama umeme ulikatika ghafla. Kama ingekuwa draiva ya picha, programu inayoendesha kadi ya picha, imeanguka, ningetarajia namba fulani pale, mara nyingi 0x116. Hata hivyo niliifuta draiva na kuiweka upya, nikapima na memori. Memori ilikuwa salama, na mashine ikaendelea kuzima.

Kisha nikafikiria sumaku. Laptopu nyingi zina sumaku ndogo kwenye mfuniko inayoiambia mashine kwamba umeifunga, na ikihamishwa wakati wa kubadilisha kioo, mashine inaweza kulala ukiwa unaandika. Nikaweka mpangilio kwamba mfuniko ukifungwa isifanye lolote. Ikazima vilevile. Isitoshe, kulala na kuzima ni vitu viwili tofauti: iliyolala ukiigusa inakurudisha ulipokuwa. Yangu ilikuwa inaanza upya kila mara.

Jibu lilikuja kwa mkono. Niliunganisha skrini ya nje kwa HDMI, nikauacha mfuniko wa laptopu bila kuugusa, nikafanya kazi saa sita mfululizo. Haikuzima. Nikaushika mfuniko kwenye kona ya kushoto na kuurudisha nyuma taratibu. Ulipofika pale ninapopenda kuuegemeza ninapoandika, kioo kikapepesa mara moja, kisha mashine nzima ikazima. Nikarudia mara tatu. Mara zote tatu ni pembe ileile.

Kioo na bodi huunganishwa na waya mwembamba unaopita kwenye bawaba. Haubebi picha tu. Unabeba pia umeme wa kioo na wa taa za nyuma yake. Ukibanwa ukachubuka, umeme ukagusa chuma cha bawaba, bodi inaweza kukata kila kitu ili kujilinda. Kwa hiyo kauli kwamba kioo hakiwezi kuzima kompyuta si kweli, na ningependa mafundi waache kuwaambia wateja hivyo.

Nilirudi nikamwonyesha pembe ile. Hakubisha tena. Alipoondoa fremu, mimi na yeye tukauona waya: ulikuwa nje ya mfereji wake, umepita juu ya bawaba badala ya pembeni, ganda limechubuka kiasi cha punje ya mchele na shaba inang'aa ndani. Akasema, “Samahani dada, hapa nilikosea mimi.” Akabadilisha waya bila kunidai chochote, akaulaza kwenye mfereji, akafungua na kufunga mfuniko mara nyingi mashine ikiwa inawaka. Wiki ya tano sasa, haijazima.

Nyota moja nimeiondoa kwa simu ile ya “piga Windows”. Nyingine ni kwa jambo nililoliona mara ya kwanza bila kulielewa: alichomoa chaji tu, akaiacha betri imeunganishwa kwenye bodi. Laini ya taa za nyuma ina volti kubwa kuliko laini za picha zilizo jirani nayo. Soketi ikiingizwa upande huku umeme upo, inaweza kuunguza fyuzi, au bodi yenyewe, na hapo hakuna waya mpya utakaokuokoa. Safari ya pili nilimwomba achomoe betri kabla ya kugusa soketi, na alichomoa bila kinyongo.

Nikipata tatizo jingine la kioo nitarudi kwake. Nitakaa pale pale mezani, nitaijaribu pembe yangu ya kuandikia kabla sijaondoka, na nitaiulizia ile skrubu moja ya mfuniko wa chini ambayo hadi leo bado ananitafutia.