Mdomo wa mjusi ukiugua: usafishe nyumbani au umpeleke kwa daktari?

Mjusi ndevu wa Australia (bearded dragon) unayemfuga akikataa chakula, mfungue mdomo taratibu utazame fizi. Ni wekundu kidogo tu, bila uvimbe? Anza nyumbani: iodini ya povidone iliyozimuliwa kwa maji hadi rangi ya chai nyepesi, kijiti cha pamba, na sehemu ya kuota joto kwenye kizimba chake ifike nyuzi 38 hadi 42 za Selsiasi, maana mjusi akipoa kinga yake hudhoofika.

Ukiona usaha wa njano, iodini pekee haitoshi. Usaha wa mjusi ni mzito, wa madonge, hautoki wenyewe. Daktari wa wanyama huukwangua, humchoma sindano za antibiotiki, na hupiga eksirei kuona kama maambukizi yameingia kwenye mfupa wa taya. Ni ghali, lakini mimi ningeenda siku hiyohiyo.