Maadili ya imani au maadili ya utu: yapi yana mizizi?

Ninalinganisha maadili yanayotoka kwa imani ya Mungu na yale yanayosimama juu ya utu wa binadamu bila kumtegemea Mungu. Tuanze na msingi. Anayemwamini Mungu ana jibu fupi la kwa nini kuua ni kosa: Muumba amekataza, hata umati wote ukishangilia. Hapo imani inashinda. Lakini Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, anamwonyesha mwalimu wake Sokrates akiuliza swali linalonikosesha usingizi: jambo ni jema kwa sababu miungu inalipenda, au inalipenda kwa kuwa ni jema? Ukichagua la pili, wema una miguu yake, hautegemei miungu.

Kuhusu uthabiti, sioni mshindi. William Wilberforce, mbunge wa Uingereza, alipigania sheria ya nchi yake ya 1807 ya kukomesha biashara ya watumwa kwa msukumo wa imani. Watetezi wa utumwa nao walinukuu Biblia hiyohiyo. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948 halimtaji Mungu, na waumini wengi wanalitetea.

Katika kulea dhamiri, dini imetangulia mbali: sala, toba, jumuiya inayokuuliza ulikuwa wapi. Asiyeamini hujijengea haya mwenyewe, na ni kazi ngumu.

Kama imani ndiyo inayokuamsha usaidie jirani, ishikilie. Kama imekutoka, huruma yako haijafutwa. Tafuta watu wa kukukosoa.