Manifoldi na kabureta za Corolla KE70: anza na ipi?

Wengi wanaofufua KE70 yenye injini ya 4K hukimbilia kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Pesa ya kwanza iende kwenye manifoldi, mirija inayopitisha hewa kuingia kwenye injini na moshi kutoka. Kwenye 4K, manifoldi ya hewa na ya ekzosi zimeungana upande mmoja wa hedi (kichwa cha injini), zikitumia gasketi moja. Uso ukipinda, injini hunyonya hewa pembeni: petroli inapungua kwenye mchanganyiko, gari linatetemeka likisimama na kukohoa ukikanyaga mafuta.

Nafasi ya kwanza tunaipa manifoldi ya asili na kabureta yake ya Aisan. Dukani, lalisha rula ya chuma juu ya uso wa manifoldi, ujaribu kupitisha fila geji (bapa jembamba la kupimia nafasi) ya milimita 0.1. Ikipita, dai bei ishuke, kisha mkerezaji ainyooshe ikiwa imefungwa pamoja na ile ya ekzosi. Kagua matundu ya stadi (boliti za kufungia), maana hewa ya chumvi hula aluminiamu inapogusana na chuma. Kabureta isiyo na kipande cha bakelaiti (plastiki ngumu) cha kukalia, iache. Kipande hicho, chenye gasketi juu na chini, ndicho kinachozuia joto la ekzosi lisichemshe petroli kwenye bakuli la kabureta. Bila hicho, ukizima injini foleni ya feri Likoni, huenda isiwake tena mpaka ipoe.

Ya pili ni kabureta ya Weber 32/36 DGV juu ya manifoldi ileile. Ina nguvu zaidi, ila inahitaji pleti ya kuunganishia, na skrubu za pleti zikilegea hewa inapita. Chukua yenye choki (ya kuwashia injini ikiwa baridi) ya kuvuta kwa mkono. Mombasa hakuna baridi ya kuhitaji zaidi. Iliyosetiwa Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, huwa na jeti (vitundu vya kupimia petroli) ndogo: huku pwani injini itakosa petroli na kuchemka. Badilisha jeti.

Kabureta mbili za Weber DCOE 40 ni za mashindano. Zina manifoldi yao, na hukaa juu ya raba. Nati zikikazwa mpaka mwisho, mtikisiko hutoa povu kwenye petroli.

Manifoldi ya kuchomelea usinunue kabisa. Joto la kuchomea hupinda uso.

Ukifunga, gasketi iwe kavu. Silikoni hulainishwa na petroli, vipande vikakatika na kuziba jeti. Kaza kutoka katikati kwenda pembeni, na urudie injini ikishapata moto na kupoa. Nati za kabureta zikizidi kukazwa, kitako chake hupinda. Mwisho, nyunyiza maji kidogo kwenye viungo injini ikiwaka: mlio ukibadilika, hapo panavuja.