1JZ-GE ya mtumba ndani ya GX100: inafaa kwa dragi Dodoma?

Mwenye bajeti ndogo anayetaka kujenga gari la dragi (mbio fupi za mstari ulionyooka) uani kwake, awe Nkuhungu, Chang'ombe au Kizota, mara nyingi huanza na Toyota Mark II GX100. Spea zake zinajulikana kwa kila fundi, na nguvu yake inakwenda matairi ya nyuma, panapotakiwa. Kinachoiangusha ni injini yake, 1G-FE ya lita 2: farasi 140 kwenye zile za mwanzo, 160 kwenye zenye VVT-i, mfumo wa Toyota unaobadilisha muda wa kufunguka kwa valvu. Tunayoipima hapa ni ile ambayo wengi huiweka badala yake, 1JZ-GE VVT-i iliyotumika Japani, cc 2,491, silinda 6 za mstari, farasi 200 ilipokuwa mpya.

Farasi hizo 200 ni za usawa wa bahari. Dodoma iko karibu mita 1,120 juu, na hewa ya hapa ina mgandamizo pungufu kwa takriban asilimia 12. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu kiasi hichohicho, kwa hiyo hesabu farasi 175 hivi, na mchana wa joto la Oktoba hata chini ya hapo. Injini bado ni nzuri. Ila usijipime kwa muda wa mita 402 (robo maili, urefu wa mbio za dragi) ambao mwenzako ameupata Dar es Salaam kwa gari kama lako.

Mwinuko huohuo wa Dodoma ndio unaofanya mafundi wengi wakatae injini isiyo na ubovu. Kipimo cha kompresheni kikisoma psi 180 pwani, injini ileile hapa itasoma 160 hivi. Kwa hiyo usiangalie namba kubwa peke yake, angalia tofauti kati ya silinda na silinda. Toa plagi zote sita, zima koili na nozeli, fungua throttle (mlango wa hewa ya injini) hadi mwisho, zungusha kwa starta mizunguko 5 hadi 7 kila silinda. Tofauti ikizidi psi 14, iache hapohapo. Muuzaji akisema betri yake ni dhaifu, kopa nyingine. Starta ikizunguka polepole vipimo vyote hushuka, na hutajua ubovu uko wapi.

Kabla ya hapo, soma mfuniko wa injini. Ukikuta neno D-4, hiyo ni 1JZ-FSE, ile ya Brevis na baadhi ya Crown, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Pampu yake ya presha kubwa na uchafu wa kaboni kwenye njia ya hewa vitakumaliza fedha. Kwa kazi hii, hapana.

Bei nzuri ya injini tupu ni mtego. Gia boksi ya 1G haikai kwenye JZ, kwa hiyo utarudi sokoni kutafuta gia boksi, kisha kontroli boksi (kompyuta ya injini), kisha waring, na kila kimoja utakinunua kwa bei ya mtu aliyekwama. Chukua vyote kwa pamoja: injini, gia boksi yake, kontroli boksi, sensa ya hewa, na waring nzima ambayo haijakatwa kwa msumeno. Kama throttle ni ya umeme, chukua na pedali. Kama gari lilikuwa na imobilaiza, yaani kizuia wizi, bila ufunguo na boksi lake injini haitawaka. Masikio yanayoishikilia injini tafuta ya JZX100, Mark II iliyotoka kiwandani na JZ, maana bodi ni ileile. Kuchomelea ya kubuni huleta mtetemo na propela shafti huvutwa upande. Dai risiti yenye namba ya injini, kwa kuwa namba hiyo iko kwenye kadi ya gari na lazima ibadilishwe TRA.

Injini ikiwa bado iko chini kwenye matairi mabovu, badilisha taimingi belti, tensheni, wotapampu na sili ya mbele ya krenki. Kuvifikia injini ikiwa ndani ni kazi ya siku nzima. Fungua pia mifuniko ya valvu: gasketi zikizeeka, oili huingia kwenye mashimo ya plagi na injini hukosa moto pale tu unapokanyaga. Koili ziko tatu kwa silinda sita, ya 1 na 6, ya 2 na 5, ya 3 na 4. Zikifa silinda mbili za jozi moja, anza na koili yake, usihangaike na nozeli. Plagi weka mwanya wa mm 1.1. Na kama gari ni zito kwenye mizunguko ya chini ilhali kompresheni ni safi, osha kichujio kidogo cha valvu ya oili ya VVT-i.

Vumbi la Dodoma linastahili heshima. Filta ya wazi, ile ya uyoga, inapendeza kwa mlio lakini inavuta vumbi na hewa ya moto kutoka kwenye rejeta. Boksi la filta la Toyota lenye mdomo nyuma ya taa linaipita.

Gia ya otomatiki inatosha kabisa kwa kuanzia, na inaondoka vizuri kila mara. Shika breki, pandisha hadi mizunguko 1,800 au 2,000, usizidi sekunde 3, achia. Ukikaa zaidi unachemsha ATF (oili ya gia boksi ya otomatiki), na harufu ya kuungua ikishaanza vibamba vimekwishaumia. Rejeta ndogo ya ATF iwekwe kabla ya urembo wowote.

Difu ya kawaida itazungusha tairi moja. Usiichomelee kwenye gari litakalorudi barabarani, shafti hukatika. Shusha upepo wa nyuma hadi psi 24 au 26, futa mchanga kwenye matairi, kisha punguza uzito: siti ya nyuma, tairi la akiba, jeki, mazulia. Kila kilo 45 unazopunguza huokoa kama sehemu moja ya kumi ya sekunde kwenye robo maili. Vyuma vya ndani ya milango na ABS viache.

Kwa yote haya tunaipa injini hii alama 8 kati ya 10 kwa Dodoma, ikiwa imenunuliwa kamili. Ikiwa tupu, 4. Wala isijaribiwe kwenye barabara ya mzunguko wa nje, penye malori, bodaboda na ng'ombe. Tafuta eneo lililofungwa kwa kibali cha polisi. Na siku hiyo chini ya gari kuwe na pete ya chuma, unene mm 6 na upana mm 50, ikizunguka propela ndani ya mm 150 kutoka msalaba wa mbele. Msalaba huo ukikatika gari likiwa kasi, ncha ya propela hushuka, huchoma lami na kulibinua gari.