Dawa za Wadudu Kambini: Ipi Inunuliwe Kwanza na Ipi Iachwe Dukani

Mtu anayejiandaa kwenda kupiga hema Mikumi, Ruaha au katika misitu ya Usambara mara nyingi huingia dukani, akachukua kopo kubwa la dawa ya kupuliza na kuamini kwamba suala la wadudu limekwisha. Kopo hilo lina kazi yake, lakini katika mpangilio huu nimeliweka nafasi ya tatu. Dawa inayofaa kambini ni ile inayokaa kati ya mdudu na ngozi ya mtu bila kutapakaa hewani, kwenye chakula na kwenye maji, na hicho ndicho kigezo nilichokitanguliza, hata mbele ya bei.

Nafasi ya kwanza naipa chandarua chenye dawa. Mbu waenezao malaria huuma zaidi usiku, wakati ambapo mtu amelala na hawezi kujipaka upya chochote, na chandarua huwazuia na pia huwaua wanapotua juu yake. Hata hivyo vyandarua havilingani. Katika maeneo mengi ya Afrika Mashariki mbu wamejenga usugu dhidi ya piretroidi, yaani jamii ya sumu iliyotumika kwenye vyandarua kwa miaka mingi. Utafiti wa Muleba mkoani Kagera, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba vyandarua vilivyoongezewa kemikali ya PBO, ambayo hupunguza usugu huo, viliwakinga watoto dhidi ya malaria vizuri zaidi kuliko vile vya kawaida. Baadaye utafiti wa Misungwi mkoani Mwanza, uliochapishwa mwaka 2022, ulitoa matokeo mazuri kwa vyandarua vinavyochanganya piretroidi na klofenapiri, sumu ya jamii nyingine, na mwezi Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza vyandarua vya aina hiyo. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, soma kwenye pakiti ni dawa gani imetiwa, kisha uhakikishe kwamba chandarua ni kipana kiasi cha kuchomekwa chini ya godoro au mkeka pande zote. Mwenye hema lenye wavu mzima na zipu inayofunga vizuri anaweza kulala bila chandarua, ila ni wachache wanaoukagua wavu huo kabla ya safari. Chandarua kifuliwe kwa sabuni ya kawaida ndani ya beseni, kianikwe kivulini, wala kisifuliwe mtoni au ziwani, kwa kuwa piretroidi ni sumu kali mno kwa samaki.

Nafasi ya pili inashikwa na vitu viwili vinavyokamilishana: dawa ya kupaka mwilini na permethrini, sumu ya wadudu ya kutia kwenye nguo. Katika dawa za kupaka, tafuta yenye DEET ya asilimia 20 hadi 30, au ikaridini ya asilimia 20, ambazo ni kemikali za kufukuza wadudu. Mafuta ya kunukia yasiyotaja kiasi cha kilichomo siwezi kumshauri mtu ayategemee mahali penye malaria. Dawa hii inahitajika mchana pia, kwa kuwa mbu waenezao homa ya dengi, yaani kidingapopo, huuma mchana. Mafuta ya kukinga jua hutangulia, kisha dawa hufuata. Mtoto apakwe na mtu mzima, ambaye huiweka kwanza viganjani mwake mwenyewe, akiepuka macho, mdomo na mikono ya mtoto. Watoto wachanga wa chini ya miezi miwili wasipakwe DEET kabisa, bali wakingwe kwa chandarua. DEET huharibu plastiki, hivyo isigusane na miwani wala saa.

Permethrini ya asilimia 0.5 ndiyo inayostahili kununuliwa na yeyote atakayepita kwenye nyasi ndefu, kwa sababu kupe hupanda kutokea chini, na suruali iliyotiwa dawa na kuchomekwa ndani ya soksi huwakomesha kabla hawajafika kwenye ngozi. Nguo hupuliziwa nje, zikiwa zimetundikwa, kisha huachwa zikauke kabisa kabla ya kuvaliwa, na dawa hudumu hata baada ya kufuliwa mara kadhaa. Haipakwi mwilini. Nyumba yenye paka izingatie kwamba permethrini, hasa ikiwa haijakauka, inaweza kumuua paka. Mbung'o ni suala jingine: dawa za kupaka hazimzuii vizuri, naye hutoboa kitambaa chepesi, hivyo vaa nguo nzito kiasi na uepuke rangi ya bluu na nyeusi, ambazo ndizo hutumika kutengenezea mitego ya kumnasa.

Sasa kopo la kupuliza, nafasi ya tatu. Kati ya yaliyopo, napendelea lenye pareto, dawa itokanayo na maua yanayolimwa Iringa, Njombe na Mbeya, na vilevile Kenya na Rwanda, kwa kuwa huvunjika haraka kwenye mwanga wa jua na haibaki muda mrefu katika mazingira. Toa watu, chakula, vyombo na matandiko hemani, puliza kidogo, funga kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha fungua hema lipate hewa kabla ya mtu yeyote kuingia. Gesi inayosukuma dawa huwaka, kwa hiyo jiko, sigara na moto wa kambi viwe mbali, na kopo lisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Koili za mbu za kuchoma ni nafasi ya nne. Zinafaa nje tu, upande upepo unakotokea, wakati watu wamekaa kula. Koili haiwashwi ndani ya hema: moshi wake huumiza mapafu, na kitambaa cha hema hushika moto kwa urahisi.

Kwa siafu usinunue chochote. Hamisha hema kutoka kwenye njia yao. Ndani ya hifadhi, kuwamwagia sumu au mafuta ya taa ni kuharibu mahali penyewe ulipokuja kupaona.

Zipo dawa ambazo sikuzipa nafasi yoyote, na hapa naomba msomaji awe mkali. Ya kwanza ni dawa ya kuogeshea mifugo na ile ya kunyunyizia mazao, ambazo watu huzichanganya kwa kukisia na kupulizia hema. Ya pili ni kichupa kisicho na lebo kinachouzwa mitaani kama dawa ya kunguni na mende, ambacho mara nyingine huwa na diklovosi, sumu inayoshambulia mishipa ya fahamu. Nchini Tanzania, dawa halali huwa imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na lebo yake hutaja sumu iliyomo, kiasi chake, namba ya usajili na tarehe ya kuisha muda. Angalia pia utepe wa rangi chini ya lebo: mwekundu ni hatari kubwa zaidi, wa njano hufuata, kisha wa bluu, na kijani ndiyo yenye hatari ndogo. Dawa yenye utepe mwekundu isifike kambini, na dawa yoyote isihamishiwe kwenye chupa ya maji au soda, hata kwa usiku mmoja.

Dawa ikimmwagikia mtu, mvue nguo zilizolowa na umwoshe kwa sabuni na maji mengi. Akiwa ameimeza, usimtapishe, kwa kuwa dawa nyingi huchanganywa na mafuta yanayoweza kuingia mapafuni. Kutoka mate mengi, kutokwa jasho, mboni za macho kusinyaa na kupumua kwa shida ni dalili za kumkimbiza hospitali bila kusubiri, na kopo au chupa yenye lebo iende pamoja naye, ili daktari ajue ni sumu gani anayopambana nayo.